Kujisomea GRE ukiwa kazini: daftari la makosa kwanza

Juzi mtumishi mmoja wa Mtumba, Dodoma, ameniandikia: anajisomea GRE, ule mtihani wa Kiingereza, hesabu na insha ambao baadhi ya vyuo vya nje huudai kwa waombaji wa uzamili, kwa muda wa saa tatu kila usiku, sasa ni mwezi wa nne tangu aanze, na alama zimeganda palepale. Nikamuuliza, ukishasahihisha unafanya nini? Akajibu, anafungua seti nyingine ya maswali. Hapo ndipo penye tatizo, na wala si lake peke yake. Tumelelewa na msuli wa NECTA, mitihani yetu ya taifa: pitia mitihani ya nyuma mpaka maswali yajirudie. Kwenye GRE usitegemee swali kujirudia. Kinachojirudia ni mtego.

Kabla ya yote, hakikisha kozi unayoomba inaudai mtihani huu, maana vyuo vingi vimeuacha. Kama unadaiwa, ujue ulivyo. Tangu Septemba 2023 umefupishwa kuwa saa 1 na dakika 58, bila mapumziko. Insha ni moja, dakika 30. Lugha ina maswali 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23. Hesabu ni 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Jibu la kukosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi.

Ukitoka ofisini saa tisa na nusu, ukasukumana kwenye daladala mpaka Area C, akili ya usiku ni ya kuangalia taarifa ya habari tu. Soma alfajiri, saa kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 12. Dakika 35 za mwanzo fanya maswali huku saa inakimbia. Dakika 55 zinazobaki yachambue. Ndiyo, uchambuzi uzidi maswali. Asiyekubali hili aendelee na saa zake tatu.

Daftari la makosa lina safu nne: swali lenyewe, ulichofanya, kwa nini ulikosa, na dalili itakayokuamsha siku nyingine. Safu ya tatu ndiyo watu wanaidanganya. "Uzembe" si sababu. Andika: sikuijua kanuni, nilisoma haraka nikaruka neno "isipokuwa", au muda uliniishia kwa sababu niling'ang'ania swali la nne dakika tano. Rudia swali baada ya siku tatu bila kuangalia jibu, kisha baada ya siku kumi. Ulilolipatia mara zote mbili likate. Ulilobahatisha ukapata liingie pia, hilo ni kosa lililovaa kanzu.

Waliosoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wanaogopa hesabu bure. Hakuna trigonometria wala kalkulasi. Nyingi ni zile za Basic Mathematics ya sekondari, ila zimepindwa. Unapewa x² na x, useme ipi kubwa. Ukijaribu 2 pekee utajibu x². Jaribu 1, zinalingana. Jaribu nusu, x inazidi. Jibu ni kwamba haijulikani. Kila ukiona herufi, pima sifuri, hasi na sehemu. Kikokotoo kipo kwenye skrini, na sisemi kile cha mafao.

Msamiati: maneno kumi kwa siku kwenye kadi, kila neno na sentensi yake. Yanayoumiza zaidi ni yale unayodhani unayajua. Qualify kwetu ni kufuzu. Kwenye GRE linaweza kuwa kuiwekea kauli mipaka. Sanction ni adhabu, na pia ni ruhusa.

Jumamosi andika insha moja kwenye kompyuta, siyo simu, ukiwa umezima kisahihishaji cha tahajia, kwani kwenye mtihani hakipo.

ETS, wenye mtihani huu, wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure. Wa kwanza ufanye siku ya kwanza kabisa, wa pili siku kumi kabla ya mtihani. Anayeimaliza yote wiki ya kwanza anabaki bila kipimo.

Ukichagua kufanyia mtihani nyumbani, karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe, au karatasi iliyo ndani ya mfuko angavu, na kalamu inayofutika. Zoea kukokotoa juu yake tangu wiki ya kwanza, la sivyo utatumia dakika kufuta badala ya kufikiri. Laptopu iwe na betri ya kuvuka saa mbili na bando liwe kwenye simu pembeni ya ruta, kwa sababu Tanesco hawajui ratiba yako. Ukikwama, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21.