Kiingereza cha kidato cha kwanza: anza na "-me-", jedwali lisubiri

Ninyi mliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari mkakuta Biolojia na Jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, haya ni yenu. Nimefundisha wanaoanza kwa miaka mingi, na kinachonisikitisha ni lile jedwali la nyakati kumi na mbili wanalopewa kulikariri wiki za mwanzo. Wengi hulikariri vizuri kabisa. Waulize walifanya nini jana, wanakwama.

Jedwali lina kazi yake, lakini baadaye. Kwanza tazama kiambishi unachokitumia kutwa nzima: -me-. Ndicho kinachoharibu Kiingereza cha wengi, kwa sababu kwetu kinabeba mambo ambayo Kiingereza huyatenga. "Amefika" ni tendo lililokamilika na matokeo yake tunayaona: "She has arrived." Lakini "amelala", "amekaa", "amevaa koti" hueleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi, na hapo Kiingereza husema "She is sleeping", "She is sitting", "She is wearing a coat". Ukisema "She has slept", msikilizaji ataelewa kwamba usingizi umekwisha. Vivyo hivyo "nimechoka" ni "I am tired", na "nimeelewa" unayomjibu mwalimu ni "I understand".

Kuna na hili. Kwa Kiswahili ukisema "nimemwona jana" hakuna atakayeshangaa. Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliokwisha, iwe "yesterday", "last week" au "in 2019", kitenzi kiwe "saw", kamwe si "have seen". Kabla ya kuandika "have", tafuta kwanza neno la wakati kwenye sentensi yako. Kipimo hicho kimoja kitakuokolea alama nyingi.

Kuhusu -na-, kumbuka tu kwamba "anajua" na "anataka" ni "knows" na "wants". "She is knowing" haisemwi.

Sasa vile vitenzi visaidizi: can, could, may, might, shall, should, will, would, must. Umbo lake ni jepesi. Havipokei "s", na kitenzi kinachofuata hukaa kitupu: "She can swim". Usiandike "cans", wala "can to swim". Ugumu uko kwenye maana, na pa hatari kuliko pote ni kwenye kukanusha. "You must" na "You have to" zote ni lazima. Zikanushe, zinaachana mbali. "You must not taste the chemicals" ni katazo: usionje kemikali. "You do not have to copy the diagram" ni ruhusa: si lazima unakili mchoro, ukitaka nakili. Mwanafunzi anayezichanganya maabara anaweza kuumia, ndiyo maana silegezi kamba hapa.

"Could have" nayo isikutishe, kwani tunayo: "He could have died" ni "angeweza kufa", na msikilizaji anajua hakufa. "He must have left" ni "atakuwa ameondoka". Unakisia kutokana na dalili. Ila -nge- ina mtego. Sisi tunaiweka pande zote mbili, "ningekuwa na pesa ningenunua", na ndipo wengi huandika "If I would have money". Kiingereza huweka "would" upande mmoja tu: "If I had money, I would buy it." Hiyo "had" haizungumzii jana, inaonyesha kwamba pesa huna.

Kila jioni andika sentensi tano za mambo uliyoyafanya kweli siku hiyo, na mbili za yale ambayo si lazima uyafanye kesho. Mpe mwalimu wako wa Kiingereza daftari, umwombe asahihishe vitenzi tu; makosa mengine yatapata zamu yake.