Sungura wadogo wanaosusia nyasi kavu

Pole dada, kwa hao sungura wako wa wiki 9 wanaokataa nyasi kavu. Bado ni wachanga, watazoea. Kama bakuli la pelleti (chakula cha vidonge) halikauki kutwa nzima, kwa nini wahangaike kutafuna nyasi? Ila usiwanyime pelleti ghafla, maana wanakua: wape kiasi asubuhi na jioni, nyasi ziwepo usiku na mchana.

Kinachosaidia kuliko vyote ni mahali. Sungura hupenda kula huku akijisaidia, kwa hiyo ning'iniza nyasi kwenye kona waliyoifanya choo, juu kidogo zisilowe. Chagua zilizokauka zikabaki na ukijani na harufu nzuri. Zenye vumbi au ukungu tupa. Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, inafaa kabisa, na kwa umri huu unaweza kuichanganya na alfalfa (lusani), kisha upunguze hiyo alfalfa wakikaribia miezi 6. Ongeza mpya kila siku hata za jana zikibaki, wanapenda zilizotoka kuwekwa kwa harufu yake.

Meno yao hayaachi kukua, na matumbo yanategemea nyuzinyuzi hizo. Asiyekula chochote kwa nusu siku, au kinyesi kikikoma, tafadhali usingoje kesho: mpeleke kwa daktari wa mifugo.