Nakala moja, au nakala moja moja?

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, Mwanjelwa, Mbeya. Nina mashine ya kuandikia data kwenye chipu za kumbukumbu, yenye soketi nane. Nikitoka kwenda Tukuyu nilimwachia kijana wangu karatasi: "Seti modi, soketi zote zipate nakala moja." Niliporudi nikakuta chipu zote nane zina data nusu nusu. Je, kosa ni neno "kuseti"? Ningeandika "kusanidi"? Na ivini na odi ("even" na "odd" za Kiingereza) kwa Kiswahili ni nini?

JIBU: Fundi wangu, pole kwa hasara. "Kuseti" halina hatia. Hata ungeandika "kusanidi", chipu zingeharibika vilevile. Kilichokuponza ni "moja" uliyoiacha peke yake, na hilo ndilo kosa linalonikera kuliko yote katika Kiswahili cha siku hizi.

"Soketi zote zipate nakala moja." Nakala ni ngapi? Moja. Wanaoipokea? Wanane. Kijana alisoma kilichoandikwa: nakala ni moja, basi wagawane. Akachagua mpangilio wa kugawanya, unaogawa data kwa soketi mbili mbili. Soketi ya kwanza ikachukua baiti za anwani 0, 2, 4 na kuendelea, ya pili ikachukua 1, 3, 5, na kila jozi iliyofuata ikafanya vivyo hivyo. Kama chipu zako ni za aina ya 27C256, kila moja ina nafasi ya baiti 32,768. Data yako ikiwa ya ukubwa huohuo, kila chipu imepata 16,384, na nafasi iliyobaki ni tupu. Ulichotaka wewe ni nakala moja moja.

Hapa Iringa shule moja iliwahi kuwatumia wazazi tangazo: "Jumatatu wanafunzi wote waje na jembe moja." Nimelihifadhi tangazo hilo hadi leo. Wanafunzi wote, jembe moja! Nani alibebe? Watoto wa darasa zima watembee wameshikilia mpini mmoja? Wazazi walielewa, kwa sababu kila mzazi anajua shule inataka nini msimu wa kulima ukifika. Mwandishi wa tangazo akaona ameandika sawa. Hakuandika sawa, aliokolewa na akili za wasomaji wake. Jembe moja moja. Ni neno moja tu la kuongeza, halina gharama, na bibi yeyote wa Rungwe asiyewahi kuingia darasani hulisema bila kufikiri: "Wape wageni ndizi mbili mbili." Mwambie "wape ndizi mbili" uone kama hatakuuliza wageni wenyewe ni wangapi.

Nenda shamba la viazi. "Wape vibarua ndoo mbili" maana yake ndoo mbili, wagawane. "Wape vibarua ndoo mbili mbili" maana yake kila mmoja anaondoka na mbili. Ujira wa siku nzima umekaa kwenye neno lililorudiwa, halafu msomi wa ofisini analikata kwa kudhani ni takriri isiyo na kazi! Nawe fundi, ulipolalamika umeandika "nusu nusu" barabara kabisa. Ulimi wako unaijua kanuni. Ni kalamu iliyoisahau.

Ukiogopa kurudia, tumia "kila", neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo hutangulia nomino yake: "Kila soketi ipate nakala moja." Hapo hakuna wa kukosea.

Mpangilio wa kugawanya nao una mahali pake. Bodi inayosoma biti 16 kwa mpigo kutoka chipu mbili za biti 8 huhitaji data igawanywe: chipu moja itoe biti 8 za chini, nyingine 8 za juu. Hapo faili ya baiti 65,536 inaingia kwenye chipu mbili za 27C256, na sentensi yako ya zamani ingekuwa sahihi ukiiandika hivi: "Kila jozi ya soketi ipate nakala moja."

"Kuseti" endelea nalo. Watu wanaseti saa, wanaseti redio, na sina nguvu ya kupigana na neno ambalo kila mtu analielewa. "Modi" silipendi, "mpangilio" linatosha. Ila "ivini" na "odi" ziache kabisa, maana tuna shufwa (0, 2, 4) na witiri (1, 3, 5), maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo watoto wanafundishwa kwenye hesabu. Zile karatasi unazobandika juu ya kidirisha cha kioo cha chipu ili mwanga usifute data, ziandike S kwa chipu ya shufwa na W kwa ya witiri, kabla hujachomoa chipu kwenye soketi.