Mota iliyoungua mbele yangu nikiwa fildi

Mdogo wangu, umeuliza kama uache kukomaa na hesabu za mwaka wa pili ukashinde na mafundi, kwa kuwa chuoni mnasomeshwa makaratasi tu. Nimesoma uhandisi wa umeme, nakuomba usiache. Na mafundi pia usiwaache.

Nikiwa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye karakana ya kusuka upya koili za mota, ililetwa mota ya mashine ya kusaga mahindi. Tukaisuka siku mbili, ikapigwa vanishi, ikakauka vizuri. Wakati wa kuunganisha fundi akafunga delta (koili tatu zikiungana kama pembetatu), kama alivyozoea kwenye mota kubwa. Kibao cha maelezo kwenye mota kilisema 230/400, delta/nyota, yaani delta kwa volti 230, nyota kwa volti 400. Nilikuwa nimekifuta vumbi kwa mkono wangu.

Umeme wetu ni volti 400 kati ya fezi na fezi. Mota ile ilitaka nyota (mwisho mmoja wa kila koili ukikutana na ya wenzake), ili kila koili ipate 230. Kwenye delta kila koili ikabeba 400 nzima, mara 1.73 ya haki yake. Joto la shaba hupanda kwa mraba (1.73 × 1.73), yaani mara tatu, na chuma kikishashiba sumaku mkondo unapaa zaidi ya hapo. Ikanguruma, harufu ya vanishi ikatoka, kisha moshi. Shaba mpya ya mteja ikawa nyeusi.

Fundi hakuwa na hesabu ya kumshtua. Mimi nilikuwa nayo, tena nilishaifanyia mtihani na kufaulu, ila sikujua kwamba inahusu kile kibao. Hilo liliniuma sana.

Tangu siku ile nikawa na daftari dogo mfukoni. Kila siku karakana napima kitu kimoja, usiku nakikokotoa. Kibao kinasema mizunguko 1440 kwa dakika. Kwa hezi 50 na ncha nne za sumaku, hesabu inatoa 1500. Ile 60 imekwenda wapi? Ndipo nikaelewa mtelezo, yaani rota kuzunguka nyuma kidogo ya sumaku inayoivuta, sura ya kitabu niliyokuwa nimeikariri tu.

Kuhusu muda: semista ikiwa imechanganya, hesabu kwanza, maana sapu (mitihani ya marudio) zitakula hata likizo yako ya fildi. Jumamosi ndiyo ya karakana. Na ukitafuta fildi, chukua sehemu ndogo utakayoshika spana, kuliko ofisi kubwa ya kutumwa fotokopi.

Wiki hii omba mtu wa maabara akuoneshe mota yoyote, nakili kibao chake chote, uweke hapa tukokotoe pamoja ampea zake.