Tagi ya Bluetooth ni ya begi lako, si ya mkoba wa mkeo

Tangu watu wajue natumia tagi, hivi vidude vya kuweka kwenye begi au funguo ili ukipoteza kitu ukitafute kwa simu, swali ninaloulizwa ni lile lile: "Nikikificha kwenye pikipiki, ikiibwa nitaipata?" Pengine utaipata. Ila kama hiyo ndiyo sababu yako ya kununua, shika hela yako kwanza tuzungumze.

Tagi haina laini ya simu na haina GPS. Yenyewe haijui iko wapi. Inachofanya ni kutoa mawimbi madogo ya Bluetooth saa zote, basi. Simu ya mtu mwingine ikipita karibu inayadaka yale mawimbi, inachukua lokesheni yake yenyewe na kuituma kimyakimya, nawe unaona doa kwenye ramani. Kwa tagi za Apple na za mtandao wa Google, taarifa hiyo husafiri ikiwa imefungwa, na anayeweza kuifungua ni wewe mwenye tagi. Huyo aliyepita na simu yake hajui kama amekusaidia, na kampuni yenyewe haiwezi kuisoma.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama tagi itakufaa, angalia watu wa unakoishi na unakopita wana simu gani. AirTag ya Apple, iliyoingia sokoni Aprili 2021, inategemea simu na vifaa vya Apple peke yake. Ukiwa Dar, pale Posta, Masaki, Mlimani City au uwanja wa ndege, doa linasogea muda wote kwa sababu iPhone zimejaa. Toka nje ya mji uone. Niliwahi kutuma boksi la mama kwa basi kwenda Tanga na tagi ikiwa ndani. Doa likaganda Chalinze. Mama anapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi, mimi naangalia ramani inaniambia Chalinze, na kondakta anasema wameshaipita Segera kitambo. Aliyekuwa sahihi ni kondakta. Chini ya doa huwa pameandikwa lilionekana mara ya mwisho lini. Soma hapo kabla hujaanza kugombana na watu.

Kwa wengi wetu wenye Tecno, Infinix na Samsung, habari njema ilikuja Aprili 2024, Google walipoanza kuwasha mtandao wao wa simu za Android, ambao sasa unaitwa Find Hub. Unatumia simu za kuanzia Android 9, na hizo ndizo zimejaa kwenye daladala. Tagi za kampuni kama Chipolo na Pebblebee zimetengenezwa kuutumia. Samsung wana SmartTag yao, inayokwenda na simu za Samsung tu. Tile nao wapo siku nyingi, lakini wao wanategemea zaidi watu wenye programu yao, na huku sijui nani anayo.

Kuna jambo kwenye mtandao wa Google ambalo muuzaji hatakuambia. Simu ikitoka kiwandani imepangwa isaidie kutafuta kwenye maeneo yenye watu wengi tu. Maana yake lokesheni haionyeshwi mpaka simu kadhaa ziwe zimeiona tagi ileile. Wamefanya hivyo makusudi, kwa ajili ya faragha: mtu mmoja akipita peke yake karibu na nyumba, simu yake isiwe ndiyo inayotoa siri ya nyumba hiyo. Ni uamuzi ninaouheshimu, lakini kwenye mtaa uliotulia utaona tagi yako imekaa bubu. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya Find Hub ukachagua maeneo yote, ila hiyo ni simu yako wewe inavyosaidia wengine. Za majirani huwezi kuzibadilisha. Halafu wengi wetu tunazima Bluetooth na lokesheni ili chaji ifike jioni, na simu iliyozimwa Bluetooth haisaidii mtu.

Kuhusu kununua nitasema kwa kifupi. Kariakoo kuna vitagi vya bei ya soda mbili tatu vinavyofanana kabisa na vya kweli. Vingi vinaunganishwa na programu yake ya ajabuajabu na vinalia ukiwa chumba kimoja navyo. Ukitoka nje ya hapo havina habari. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akiunganishe kwenye simu yako palepale dukani. Kikitokea ndani ya Find My, programu ya iPhone ya kutafutia vitu, au Find Hub ya Android, ni cha mtandao. Kikidai upakue programu nyingine, mrudishie. Betri ya AirTag ni ile bapa ya duara, CR2032, inakaa kama mwaka, na hata maduka ya saa wanayo. Angalia tu isiwe ile iliyopakwa uchungu ili watoto wasiimeze, maana nyingine za aina hiyo hazishiki vizuri kwenye tagi.

Mahali ambapo tagi imenilipia gharama yake ni kwenye begi la ndege. Nilifika Dar usiku, mkanda wa mizigo ukazunguka mpaka tukabaki watu wachache tunaotazamana, kisha ukazimwa. Kwenye dawati la mizigo iliyopotea dada akaniambia kwa upole kabisa kwamba begi limeshapakiwa ndege inayofuata. Nikamfungulia simu: begi lilikuwa bado kule nilikobadilishia ndege, lilionekana dakika chache zilizopita, na ndege hiyo ya pili ilikuwa imeshaondoka. Hakubisha. Aliandika namba ya jengo kama ilivyoonekana kwenye ramani, akapiga simu, na maelezo yakabadilika. Siku hizi ni rahisi zaidi: tangu iOS 18.2, toleo la mfumo wa iPhone la Desemba 2024, unaweza kutengeneza kiungo cha lokesheni ya tagi ukampa shirika la ndege, na kiungo kinakufa chenyewe baada ya siku saba au begi likishakurudia. Wasafiri wa Muscat na Dubai wanaorudi na mabegi manne manne, hii ni yenu. Ndani ya nyumba nako inafaa: funguo zikipotea chini ya mito ya kochi unabonyeza, zinalia.

Sasa turudi kwenye pikipiki.

Tagi hizi zina ulinzi uliowekwa ili mtu asifuatiliwe bila kujua. Tagi isiyo yako ikisafiri nawe, simu yako inakuambia. AirTag ikikaa mbali na mwenyewe kwa muda, inaanza kulia yenyewe ikisogezwa. Mwanzoni ilikuwa baada ya siku tatu, Juni 2021 Apple wakapunguza ikawa kati ya saa 8 na 24. Kwa hiyo mwizi wa pikipiki yako, akiwa na simu ya kawaida tu, ana nafasi kubwa ya kupata ujumbe kwamba kuna tagi inasafiri naye, na hata njia ya kuifanya ilie aitafute. Watu wanalalamika kwamba huu ni ujinga. Mimi naona ni sawa kabisa, maana simu haiwezi kujua kama anayefuatiliwa ni mwizi au ni mke aliyekimbia kipigo. Kwa pikipiki, bajaji au gari, nunua GPS yenye laini, fundi akufungie, ulipie bando lake. Ni kazi tofauti.

Na hata tagi ikikuonyesha kitu chako kilipo, tafadhali usiende na vijana wa kijiweni. Hili nalisema kwa uzito. Doa la ramani si anwani. Lina duara la makosa kulizunguka, na kwa Manzese au Tandale duara hilo linaingiza nyumba kadhaa, kila nyumba vyumba sita hadi kumi, kila chumba mpangaji wake. Huko watu wanaishi wamebanana, Bluetooth inapenya ukuta, na simu iliyoripoti inaweza kuwa ya mpita njia aliyekuwa nje kwenye kibaraza. Ukifika pale ukasema kwa sauti neno "mwizi", unajua kitakachofuata kama ninavyojua. Atapigwa aliyefungua mlango. Piga picha ya ramani ikiwa na saa, nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa uliyofungua, uwaonyeshe askari. Watakuzungusha? Inawezekana. Zungushwa.

Nije kwenye mkoba. Shosti wangu mmoja alipata ujumbe kwenye iPhone yake kwamba AirTag imeonekana ikisafiri naye. Akadhani ni tangazo. Ujumbe ukarudi, safari hii na ramani: saluni, sokoni, kwa dada yake Mbagala, njia nzima imechorwa kwa nukta nyekundu. Tulikaa chumbani kwangu tukabonyeza kitufe cha kuilizisha. Ikalia mara moja, kwa mbali, kama iliyofungiwa. Tukamwaga mkoba mzima kitandani, hamna. Ilikuwa chini ya bitana, na bitana ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Mtu alikaa chini akashika sindano kufanya kazi ile. Hatukuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Ikikutokea, usikimbilie kuitupa. Kwanza ilize uipate. Ikiwa ni AirTag, igusishe nyuma ya simu yenye NFC (ile inayosoma kitu kwa kukigusisha), iPhone au Android, upande mweupe uelekee simu: itafunguka kurasa yenye namba ya utambulisho ya tagi na tarakimu nne za mwisho za namba ya simu ya aliyeisajili. Piga picha ya kurasa hiyo na ya ile ramani. Kisha fikiria usalama wako kabla ya kutoa betri, kwa sababu ukishaitoa, aliyeiweka ataona doa limesimama, na mahali litakaposimama ndipo atakapojua ulikuwepo. Kama ni mtu unayemuogopa, usiizimie nyumbani kwa dada yako uliyekimbilia, izimie kituoni. Hapa Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na picha za simu ndizo zitakazokupa cha kuonyesha. Kutoa betri ya AirTag ni kubonyeza kifuniko cha chuma na kukizungusha kinyume cha mshale wa saa.

Wenye Android, nanyi mmo. Tangu Mei 2024 Apple na Google wanafuata utaratibu mmoja, na simu za kuanzia Android 6 zinaweza kutoa onyo la tagi ngeni, iwe ya AirTag au ya mtandao wa Find Hub. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, utafute maonyo ya vifuatiliaji visivyojulikana, uone kama imewashwa. Hapo hapo kuna kitufe cha kukagua mwenyewe bila kusubiri onyo. Kuna pia programu ya bure inaitwa AirGuard, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani. Na usitegemee sauti peke yake: kuna watu wanaofungua tagi na kung'oa spika.

Onyo si lazima liwe la ubaya. Ukimwazima kaka yako gari, na funguo zina tagi, simu yake itapiga kelele kwamba anafuatiliwa. Kuanzia iOS 17 unaweza kuishiriki tagi na watu hadi watano, na onyo linakoma kwao.

Wapo wanaoweka kwenye begi la dada wa kazi, ati kwa usalama. Usalama wa nani? Siku yake ya mapumziko ni yake. Kama humwamini, mwachishe kazi umlipe haki yake.

Mzee anayeanza kusahau ni jambo jingine, na hapo sina jibu jepesi. Apple wenyewe wanasema AirTag ni ya vitu, haikutengenezwa kufuatilia watu wala wanyama. Mama yangu nilimweleza yote: inafanya nini, nani ataona. Akanitazama akasema, "Mwanangu, unataka kunifunga kengele kama mbuzi wa Idi?" Tukaliacha kwa wiki kadhaa. Baadaye yeye mwenyewe akaniambia niiweke kwenye pete ya funguo, kwa sharti kwamba mdogo wangu wa kiume asiione ramani, maana atampigia simu kila akienda kwenye kikoba. Nikampa simu ashike, nikamwonyesha jina la tagi na aliyeorodheshwa: mimi tu. Akaridhika. Kwa mtoto wa shule, kumbuka tu kwamba dereva wa basi la shule mwenye iPhone anaweza kuletewa onyo kila siku, kwa hiyo mwambie mapema.

La mwisho ni la wanaonunua au kuuza vilivyotumika. AirTag imefungwa kwenye akaunti ya aliyeisajili. Ukiinunua kwa mtu bila yeye kuitoa, haitaunganika na simu yako, na yeye ataendelea kuona inakokwenda. Mwambie aitoe mbele yako, kwenye simu yake, tagi ikiwa hapo hapo mezani karibu na simu. Ukinunua begi la mtumba, papasa mifuko ya ndani na bitana. Na ukiuza gari lako, toa tagi yako chini ya kiti kabla hujakabidhi funguo.