DO ni daktari kamili Marekani, ila uliza haya kabla hujalipa ada

Mdogo wangu, umesema umepata nafasi chuo cha osteopathia Marekani, na mjomba wako anakwambia hao ni wakandaji mgongo, si madaktari. Mimi nina hiyo DO (Doctor of Osteopathic Medicine, shahada ya udaktari inayotolewa na vyuo hivyo) na ni daktari wa familia jimbo la Missouri.

Kwa Marekani, DO anaandika dawa, anapasua, anazalisha, sawa na MD, yaani daktari mwenye shahada ya kawaida ya udaktari. Majimbo yote 50 yanampa leseni kamili tangu 1973, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yanasimamiwa na chombo kimoja. Mjomba pengine amekutana na osteopathi wa Uingereza, ambaye kweli hutibu kwa mikono na si daktari wa tiba.

Chanzo cha osteopathia ni Dk. Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, akapoteza imani na dawa za enzi zile. Mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, hapa hapa Missouri, na wanawake walikuwemo tangu darasa la kwanza.

Utasoma yote anayosoma MD, kisha unaongezewa yapata saa 200 za tiba ya mikono. Unavua shati, mwenzako anaweka vidole gumba pande mbili za uti wa mgongo, unavuta pumzi, naye anasikilizia ubavu upi unachelewa kupanda. Mkono uliofunzwa hivyo unanisaidia kila siku kliniki. Siyo yote ninayoyakubali. Ile ya kusikilizia mifupa ya fuvu ushahidi wake ni dhaifu, siitumii.

Sasa la muhimu. Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao. Kwa hiyo uliza: mwaka wa tatu na wa nne nitapelekwa hospitali zipi, mji gani, na nani atanifundisha wodini? Darasa letu lilitawanywa, wengine walihama mji katikati ya mwaka na kodi ya nyumba wakajilipia. Chuo kikijibu kwa kuzunguka, tafuta kingine. Mtihani wako wa leseni ni COMLEX, lakini ukitaka ubingwa wa upasuaji jiandae kufanya na USMLE pia, ule wa MD, maana programu kadhaa za ubingwa bado zinaiangalia hiyo.

Na kama unawaza kurudi kufanya kazi nyumbani, andikia Baraza la Madaktari sasa hivi, ambatanisha mtaala wa chuo, eleza kwamba hii ni DO ya Marekani, na omba jibu la maandishi kabla hujatuma hata senti ya ada.