Barua kwa mwanangu: twita ya spika haikuuawa na Limp Bizkit

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kujua albamu ipi bora ya Limp Bizkit, ile bendi ya Marekani ya roki na rapu: Still Sucks ya 2021, au Chocolate Starfish ya 2000 uliyokuwa ukiipiga mpaka mama yako anahamia uani. Na hukuacha kunichokoza: "Au Baba umezeeka pamoja nao?" Nitakujibu, lakini kwanza niambie umeisikilizia wapi.

Kama ni kwenye spika ya simu, hujaisikia. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Wes Borland, mpiga gitaa wao, ni mtu wa kulegeza nyuzi. Zikishuka nusutoni 3, yaani hatua tatu ndogo za sauti, uzi huo unafika mara 69. Besi iko chini zaidi, na ikiwa ya nyuzi 5, ule wa mwisho ni mara 31 tu. Kispika cha simu hakina uwezo wa kusukuma hewa kiasi hicho, kwa hiyo unabakiwa na matoazi na mdomo wa mwimbaji wao, Fred Durst. Mdomo wa Durst peke yake, hata mimi nisingefika wimbo wa pili.

Tumia hedifoni za kufunika sikio. Ukikosa, zile za kuchomeka zinafaa, ila badilisha vimpira vyake mpaka upate saizi inayoziba tundu sawasawa. Pakibaki mwanya, besi inatoroka, na mtu anaongeza sauti akidhani kifaa ni kibovu.

Ngoma kwanza, maneno baadaye. Wimbo wa 3 wa Still Sucks, "Dad Vibes", usifuate anachochana Durst. Mfuate mpiga ngoma John Otto, aliyesomea jazi kwao Jacksonville, Florida, halafu besi ya Sam Rivers. Rivers alifariki Oktoba 2025, na tangu hapo nikifika hapo nafunga macho. Kisha sikiliza DJ Lethal anavyokwaruza santuri pembeni, kidogo tu, bila kujaza kila pengo.

Kuhusu kuongeza sauti, nina deni kwako.

Unaikumbuka ile spika ya sebuleni. Miaka yote hii nimesema wale Wamarekani ndio walioiua. Si kweli, na kwa kazi yangu nilipaswa kujua siku ileile. Amplifaya ndogo ikifunguliwa hadi mwisho huishiwa nguvu, kilele cha wimbi la sauti kinakatwa na kuwa bapa. Wimbi bapa huzaa sauti kali za juu ambazo hazimo kwenye wimbo. Zote hukimbilia twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, na koili yake ya waya mwembamba kama unywele inaungua. Wufa, ile kubwa ya besi, ikabaki nzima, si unakumbuka? Hata taarabu ingeiunguza, kwa kitufe kile. Bado nasema ungepunguza uliposikia inakwaruza. Lakini nani alifunga amplifaya ya wati 20 kwenye spika kubwa vile? Basi, tuyaache.

Turudi kwenye Still Sucks. Nyimbo 12, dakika kama 32. Ile ya 2000 inapita 70, na nusu yake ilinichosha. Kabla ya hii walikaa miaka 10 bila albamu, tangu Gold Cobra ya 2011. Nilitegemea watu wazima wanaojilazimisha kuwa vijana. Kumbe jina lenyewe, yaani "bado ni wabovu", linawacheka wao, na "Love the Hate" inarudia matusi yote wanayotukanwa, kwa sauti yao wenyewe. Wimbo wa 5 ni "Don't Change" wa bendi ya INXS, wamepoza kila kitu, na Durst anaimba kweli. Usiuruke. "Snacky Poo" ukitaka kuuruka, sikuzuii.

Ni muziki mzito? Ndiyo, lakini si mzito kama zamani. Hapana, nimekosea: gitaa ni zito vilevile, ila sasa linanyamaza kwa wakati wake. Nitafikiria tena.

Ipi bora, jibu ninalo, liko ncha ya ulimi. Nikilisema utaisikiliza kwa masikio yangu. Weka sauti nusu, anza na "Out of Style", usiguse kitu mpaka "Goodbye" iishe. Ngoma kwanza. Halafu nipigie, hata kama ni usiku.

Na ile twita, fundi mwenzangu anayo inayolingana. Nitaifunga mwenyewe.

Baba yako